Kituo cha afya kila kata: tunapata thamani ya fedha au tunahesabu majengo?

Wakuu, heshima kwenu. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) uanze hapa Tanzania mwaka 2007, wimbo ni uleule: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Mwaka 2021 tukakatwa tozo za miamala ya simu, sehemu yake ikajenga vituo vya afya. Majengo nayaona, sibishi.

Ila chumba cha upasuaji cha kituo kinadai watu: wa kupasua, wa dawa ya usingizi, muuguzi, wa maabara. Kinadai damu, maji na umeme. Akikosekana wa usingizi tu, mama mwenye uchungu pingamizi anaandikiwa rufaa, kama ambavyo zahanati ingemwandikia. Tumelipia kituo, tumepata zahanati yenye vigae. Mimi nasema tusimamishe ujenzi kwanza. Fedha ziende kwenye ajira, dawa na m-mama, ile ya kupiga 115 bure usafiri ukamfuata mjamzito.

Mchangiaji wa kwanza: Mleta mada unaishi wapi? Huku kwetu masika mto ukijaa hata bodaboda haivuki. Hilo gari la 115 litapaa? Halafu vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16. Wa 2022 ukatoa 104. Unadhani vimejishusha vyenyewe?

Mchangiaji wa pili: Mnasahau mfuko. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Nililipa. Mtoto akaugua, tukaandikiwa dawa tukanunue dukani. Mwaka uliofuata sikulipa, na jirani zangu vilevile. Sasa hicho kituo kitanunua dawa kwa mapato gani? Ukipiga hesabu ya gharama kwa mgonjwa, kitaonekana ghali kwa sababu wagonjwa wenyewe wamekikimbia.

Mleta mada: Mkuu wa kwanza, kwa mto nimekubali. Kwenye hizo namba kuna majengo, kuna rufaa, kuna wakunga. Siwezi kulipatia jengo peke yake sifa zote, na wewe usilipatie. Wa pili umenigusa penyewe.

Lakini kata ni mpaka wa diwani, haupimi mwendo wa mjamzito. Anayekatwa na mto ajengewe leo, na wataalamu wake wapangwe kabla ya bati. Ila kuna kata iko kilomita nane za lami kutoka hospitali ya wilaya, nayo inadai chumba chake cha upasuaji. Nani atamwambia diwani wake hapana, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi?