Wamebana kurasa za riwaya kwa stepla, na wazazi tukapiga makofi!

Wazazi wenzangu wa Nakuru, leo nimefura na sitajizuia.

Binti yangu wa kidato cha tatu amekuja likizo fupi na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, nakala ya maktaba ya shule. Nafungua, nakuta kurasa zimebanwa kwa stepla. Pini tano ukingoni, na kando ya kila pini vitundu vingine viwili viwili. Nikamuuliza vitundu ni vya nini.

"Baba, hapo ndipo Lime na Mwanaheri wanabakwa. Tunazing'oa kwa ncha ya bikari, tukimaliza tunarudisha."

Bweni zima limesoma! Kwa tochi, chini ya blanketi, bila mtu mzima wa kuwaeleza lolote. Asiyeruhusiwa kuzigusa kurasa hizo ni mwalimu peke yake.

Haya yalianzia kwenye mkutano wa wazazi muhula uliopita. Mmoja wetu alisimama akasema kitabu kinaharibu watoto, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Niliinua mkono mara mbili. Mwenyekiti akaniruka, akaingia kwenye suala la basi la shule, na basi likajadiliwa saa nzima.

Kitabu hiki kilitahiniwa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kuanzia 2018 hadi 2022. Nchi nzima ilikiandikia insha. Kimegeuka sumu lini, kilipoacha kuleta alama?

Sisemi kila riwaya impate kila mtoto. Wa miaka 12 nisingempa hii. Na mwalimu anayepita hapo mbio akiuliza tu "taja mbinu za lugha" namlaumu vilevile. Katika wasichana 40 huenda yumo aliyetendewa hayo hayo, tena na mtu wa nyumbani kwao. Huyo aambiwe mapema kinachokuja, aruhusiwe kutoka, na 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, iandikwe ubaoni. Hilo lingetaka kazi. Stepla ni rahisi.

Lakini kinachonichoma zaidi ni kwamba hapa ni Nakuru. Riwaya inasimulia watu kufurushwa makwao baada ya uchaguzi. Januari 2008 uwanja wetu wa maonyesho ya kilimo ulijaa mahema, na dada yangu alilala humo akiwa na miaka 16, umri wa binti yangu sasa. Mpaka leo hajatusimulia. Jana usiku binti kaniuliza, "Kwani shangazi naye aliyaona haya?" Nikabaki nimeshika kikombe cha chai. Angalau yeye ameuliza. Ukumbini hatukuuliza kitu.

Pini nimezitoa zote kwa koleo. Kesho kitabu kinarudi shuleni hivyo hivyo, wazi. Naibu wa mwalimu mkuu akitaka kuzirudisha anipigie kwanza, namba yangu anayo. Huwa haipotezi karo ikichelewa.