Binti anaogelea vizuri mazoezini, siku ya mashindano anaganda. Naomba ushauri

mamaNasra

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa wazoefu wa michezo ya watoto, hasa kuogelea.

Binti yangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, anaogelea timu ya shule hapa Dar. Anaogelea mtindo huru na kipepeo, mita 50 na 100. Mazoezini hana shida kabisa. Anaamka mwenyewe alfajiri bila kugongewa mlango, na kocha wake anasema kwa muda anaoshika mazoezini medali asingezikosa. Siku ya mashindano anakuwa mtoto mwingine. Usiku halali, asubuhi chai haipiti. Akipanda kwenye kibao cha kurukia namuona anavuta miwani, anairekebisha, anaivuta tena, vidole vinatetemeka. Mashindano yaliyopita aliruka kabla ya mlio, akaenguliwa hapo hapo. Tangu siku hiyo anasema akisimama pale juu hawazi kingine, anausubiri mlio tu na masikio yanaziba.

Mwezi ujao kuna mashindano ya shule. Baba yake anataka apumzike mwaka mzima. Mimi naona mtoto anaupenda mchezo wake. Je, akili nayo inafundishika kama mikono na miguu? Kuna mazoezi gani ya kufanya nyumbani?

Kifaru wa Kigamboni

Dada, hofu dawa yake ni kuizoea. Usimpumzishe hata siku moja. Mwandikishe kila mashindano yanayotokea, ataota sugu. Sisi tulikua hivyo na tukawa imara.

KochaMstaafu

Kaka Kifaru, kuzoea kunasaidia ikiwa mtoto anapata nafasi ya kufanya vizuri huku hofu ipo. Akiingia akaganda, akaingia tena akaganda, atakachozoea ni kuganda.

Mama Nasra, jibu ni ndiyo, inafundishika, na kwa umri huo inashika haraka. Nimefundisha watoto wa shule miaka mingi, nakueleza yale niliyoona yanafanya kazi.

Kwanza apewe kazi ya kufanya pale juu ya kibao. Sasa hivi hana kazi, ana kusubiri tu. Wakubaliane na kocha mpangilio mfupi usiobadilika: miwani inakazwa chini, kabla ya kupanda, na haiguswi tena. Anatoa pumzi ndefu, anashika ukingo wa kibao, macho yanatazama sehemu moja. Afanye hivyo hivyo kila anaporuka mazoezini, hata kama ni mruko wa kupasha mwili.

Pili, jioni alale chali, afumbe macho, aogelee mbio zake kichwani kuanzia kibao mpaka ukuta. Wewe shika saa. Kama mita 50 anaogelea kwa sekunde 34, na picha ya kichwani ikaribie 34. Akimaliza kwa 20, ujue kuna sehemu anairuka, na mara nyingi ndiyo inayomtisha. Halafu aweke na mambo yanayoharibika: mguu umeteleza, miwani imeingia maji. Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani, alilelewa hivyo na kocha wake Bob Bowman tangu utotoni. Olimpiki ya Beijing 2008, fainali ya mita 200 kipepeo, miwani yake ilijaa maji, mwishoni alikuwa haoni ukuta. Akahesabu mikono yake, yaani kila mvuto wa mikono majini, mpaka akagusa. Dhahabu, na rekodi ya dunia, 1:52.03. Aliweza kuhesabu kwa sababu alikuwa anajua mbio zake zina mikono mingapi. Binti yako anajua ya kwake? Muulize leo.

Tatu ni ya kocha. Awapange watoto kwenye vibao, awaambie wajiandae, kisha acheleweshe mlio. Mara nyingine asiupige kabisa, awateremshe. Sheria ya sasa haina ruhusa ya kukosea mara ya kwanza, kwa hiyo kutulia pale juu ni ujuzi wa kufundishwa kama kugeuka ukutani.

NesiTemeke

Naongezea upande wa mwili. Kutetemeka na chai kutopita ni adrenalini, mwili unajiandaa. Mwambie hivyo kwa maneno hayo, watoto wengi hudhani wanaugua. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, mara chache tu, mapigo ya moyo yatashuka. Ila asihemehe haraka haraka kwa nguvu kabla ya kuingia majini. Kufanya hivyo kunapunguza hewa ya kaboni mwilini, mtu hasikii haja ya kuvuta pumzi na anaweza kuzimia chini ya maji. Hili nawasihi wazazi wote mliofungua uzi huu.

Chakula: uji mwepesi au ndizi mbivu, saa mbili au tatu kabla. Na kama hata siku za kawaida halali, au ameanza kukimbia marafiki, hilo si la kocha tena, mpeleke hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili.

BabaWawili_Nairobi

Huku kwetu watoto wanamjua Jason Dunford, muogeleaji wa Kenya. Beijing hiyo hiyo ya 2008, mchujo wa mita 100 kipepeo, aliweka rekodi ya Olimpiki, 51.14. Fainali akamaliza wa tano. Miaka miwili baadaye, Delhi, akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mita 50 kipepeo. Msimulie binti yako yote matatu kwa mpangilio huo, asisikie la dhahabu peke yake.

Na kwenye gari mkirudi, msimuulize muda. Muulizeni maji yalikuwaje, wenzake wameogeleaje. Muda atautaja mwenyewe akitaka.

mamaNasra

Asanteni sana, nimesoma yote na baba yake kasoma. Shikamoo kocha. Mikono nimemuuliza, hajui. Kesho anaanza kuhesabu. Swali moja: mwezi ujao aingie au asiingie?

KochaMstaafu

Marahaba mama. Aingie, ila mita 50 mtindo huru pekee, kipepeo kisubiri. Mwambieni kazi yake siku hiyo ni kusikia mlio ndipo aruke, nafasi atakayoshika msiizungumzie. Pia mwombe kocha amweke kwenye mbio za kupokezana, aogelee wa pili au wa tatu. Pale hakuna mlio wa kusubiri. Anatazama mkono wa mwenzake, ukigusa ukuta anaruka. Na kama ratiba inaruhusu, mbio hizo zitangulie.