Nimelipa kodi ya miezi sita, mwezi wa pili naambiwa nihame (Kigoma)

Mpangaji_Gungu: Wakuu, habari za humu. Nimepanga vyumba viwili hapa Gungu, 80,000 kwa mwezi. Nililipa miezi sita kwa mkupuo, 480,000, kwa simu. Mkataba wa maandishi hatuna. Mwezi wa pili ndio unaisha, mwenye nyumba anasema mwanawe anaoa, nimpishe ndani ya siku 14, nikikaidi anang'oa bati. Nikiuliza hela yangu, "tutaongea". Nianzie wapi?

Kibirizi77: Notisi ni mwezi mmoja, mkuu. Ukiisha unahama. Ila usitoke kabla ya kushika hela, ukishatoka umeliwa.

Msaidizi_Sheria: Hapo kwenye notisi Kibirizi77 umempoteza. Mwezi mmoja ni kwa anayelipa mwezi kwa mwezi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inapima notisi kwa kipindi cha kodi, na huyu kalipa miezi sita kwa mkupuo. Akitaka utoke leo, mnakubaliana, na anakurudishia miezi minne: 320,000. Gharama ya kuhama ni ya kujadiliana, itaje mapema.

Kukosa karatasi hakukuondolei haki. Upangaji usiozidi mwaka mmoja unakubalika hata wa mdomo. Kinachosumbua ni ushahidi. Meseji ya muamala usiifute, na kachukue taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu. Kama hela ilipokelewa na mkewe au dalali, mzee atakuja kusema hajaiona. Mtumie meseji leo, kwa adabu: "Shikamoo mzee. Ile 480,000 ya miezi sita niliyotuma kwa namba ya mama, nikihama sasa utanirudishia lini ya miezi minne?" Akijibu "subiri mwisho wa mwezi", amekiri.

Halafu andika barua, nakala mbili, asaini moja ubaki nayo. Akikataa kusaini, mpelekee mbele ya mjumbe, naye aandike tarehe na jina lake.

Mpangaji_Gungu: Alipokea mama mwenye nyumba kweli. Na mwenyekiti wa mtaa yuko upande wao, kasema atanitoa mwenyewe.

Mwanga_Sokoni: Mwenyekiti hana mamlaka hayo, anaweza kusuluhisha tu. Kutolewa kwa nguvu kunahitaji amri ya baraza la ardhi au mahakama, na anayetekeleza ni dalali wa mahakama mwenye hiyo amri mkononi.

Kuhusu bati: piga picha paa, milango na vitu vyako sasa, kabla hajapanda. Akivunja au akitupa vyombo nje, nenda polisi siku hiyo hiyo ukaripoti uharibifu wa mali, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukienda na suala la kodi peke yake watakwambia ni madai, si jinai, na ni kweli.

Madai yanaanzia Baraza la Kata. Tangu 2021 halitoi hukumu, linapatanisha tu. Ikishindikana, unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na uthibitisho wa kata kwamba usuluhishi umeshindikana; siku 30 zikipita bila mwafaka, unaweza kwenda hata bila huo uthibitisho. Wengi wanairuka kata kwa haraka, shauri linatupwa, wanaanza upya huku wameshatoka kwenye nyumba.

Msaidizi_Sheria: Na wazee watakaokwambia ukalalamike kodi ishushwe, wanaisema sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa 2005. Bei siku hizi ni makubaliano yenu.

Msaada wa kisheria wa bure upo kwa mujibu wa sheria ya 2017. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii pale manispaa wakuelekeze kwa wasaidizi waliosajiliwa.

Kibirizi77: Nimekosolewa, sawa. Ongeza na kodi ya jengo: 1,500 kila mwezi inakatwa kwenye Luku, na hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama umeme unanunua wewe, miezi miwili ni 3,000. Iandike kwenye barua hiyo hiyo.

Mpangaji_Gungu: Basi 323,000. Meseji nimeshatuma, mama kajibu "tutakupa nusu kwanza".

Msaidizi_Sheria: Piga picha ya hiyo meseji sasa hivi, kisha itume kwenye simu nyingine.