Mrejesho: Siku yetu ya mwisho Istanbul

Ndugu zangu, niliwauliza mimi na mke wangu tuimalizeje Jumapili yetu ya mwisho Istanbul kabla ya ndege ya usiku. Tumerudi salama, nikaona niwape mrejesho.

Aliyetuonya kwamba Kapalıçarşı, lile soko kubwa lenye paa, hufungwa Jumapili, Mungu ambariki. Tulilimaliza Jumamosi. Jumapili asubuhi tukaenda Mısır Çarşısı, soko la viungo kule Eminönü. Zafarani tulichukua ya nyuzi. Muuzaji alidondosha uzi mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, rangi ya manjano ikatoka taratibu huku uzi wenyewe ukibaki mwekundu. Ya unga tuliiacha.

Mchana ilikuwa hamamu ya Çemberlitaş, yaani bafu la umma la Kituruki, iliyojengwa na Sinan, msanifu majengo wa masultani wa Osmania, mwaka 1584, na hapa ndipo nilipowashukuru zaidi. Wanaume na wanawake wana sehemu tofauti, kwa hiyo kama mnataka kuwa pamoja muda wote, tafuteni kwingine. Nililala juu ya jiwe la marumaru lenye joto hadi jasho likanitiririka, kisha mhudumu akanisugua kwa glovu ngumu wanayoiita kese. Nongo zilitoka nyuzi nyuzi, nami nilioga asubuhi ileile! Halafu povu jingi, jepesi, mwili mzima ukafunikwa.

Mke wangu alitoka nusu saa baada yangu, uso unang'aa, akaniambia mgongo uliomsumbua safari nzima umelegea.

Uwanja wa ndege tulifika mapema, hatukukimbizana. Asanteni sana.