Naombeni ushauri: nimefiwa na mume, ukweni wanataka nirudi kijijini

Mama Wawili: Wakuu, habari za jioni. Mume wangu alitangulia mbele za haki, arobaini tumeshamaliza. Kikao cha ukoo kimeamua nirudi kijijini na watoto, nyumba ya hapa Morogoro ipangishwe. Mimi nataka nibaki nishone nguo. Nitamwambiaje mama mkwe bila kuvunja undugu?

Mzee Kifimbo: Pole kwa msiba, binti. Rudi. Mdogo wangu alipofariki tulimjengea mkewe vyumba viwili, akaondoka na fundi. Mpaka leo roho inaniuma.

Kisiki: Mzee, fundi alishapaua lakini?

Dada Wakili: Hakuna wa kukurudisha kwa nguvu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68: mjane yuko huru kuishi anapotaka, kuolewa na amtakaye au asiolewe kabisa, mila iseme isemavyo. Mirathi mmefungua? Mbona una haraka hivyo?

Mama Wawili: Shemeji ndiye anayeshughulikia.

Dada Wakili: Sijauliza shemeji. Kuna kitu hujasema.

Mama Wawili: Haya. Shemeji anataka anirithi. Na pikipiki ya marehemu nimeshaiuza, nimelipia fremu miezi sita. Msinirushie mawe, marejesho ya mkopo wake nililipa mimi kwa hela ya kikoba.

Dada Wakili: Basi wewe hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka. Kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, hiyo ni mali ya marehemu. Tunza risiti za marejesho, na nenda Mahakama ya Mwanzo kabla shemeji hajakutangulia na muhtasari wa kikao.

Mama Wawili: Mnunuzi hana shida, tumeandikishana. Kinachonitisha ni kingine. Juzi nilinunua utumbo nikapika na ndizi, marehemu alikuwa hataki hata harufu yake ndani. Nikala sahani mbili, nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Hivi ni dhambi?

Mzee Kifimbo: Arobaini tu, umeanza kucheka!

Mtoto wa Mjini: Hii chai, tena ya maziwa. Mfiwa gani anapanga koma vizuri hivi? Kuna mtu anatunga riwaya humu.

Mwalimu wa Fasihi: Riwaya yenyewe ilishatoka 1979, ya Mariama Bâ wa Senegal. Ramatoulaye anafiwa na mume, arobaini ikiisha shemeji yake Tamsir anakuja kumposa. Anamtolea uvivu mbele ya imamu.

Mtoto wa Mjini: Si nilisema?

Mwalimu wa Fasihi: Hujasema kitu. Mashemeji wa hivyo wapo Dakar na Morogoro pia, ndiyo maana kitabu kinasomwa.

Mama Wawili: Kitabu sikijui. Huyo mama alikuwa ameshalipa kodi ya fremu?

Kisiki: Fremu iko mtaa gani? Nina cherehani ya miguu, bei tunaongea.

Mama Wawili: Njoo inbox. Iwe na meza yake.