GTX 1080 inachemka: nichukue Accelero Xtreme IV, Morpheus II au kipoozaji cha maji?

Mpiga_Picha_Tanga
Wakuu, habari za leo. Ninayo kadi ya michoro ya kompyuta, GTX 1080, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na ndiyo inayoniendeshea kazi ya kuhariri video za harusi. Ninaporenda (kompyuta inapotengeneza video ya mwisho), joto linapanda hadi digrii 83, kasi inashuka, na feni inanguruma kiasi kwamba mteja akija kuangalia kazi yake tunalazimika kupandisha sauti. Nataka kubadilisha kipoozaji chote kabla msimu wa harusi haujaanza. Nimebakiwa na njia tatu: Arctic Accelero Xtreme IV, inayokuja na feni zake tatu, Raijintek Morpheus II, ambayo feni mbili za milimita 120 unajinunulia mwenyewe, au kishikizo cha NZXT Kraken G12, kinachokuwezesha kufunga kipoozaji cha maji cha prosesa juu ya kadi. Vyote ni vya kuagiza kutoka nje, kwa hiyo kisipoingia sina pa kukirudisha. Mngenishauri nichukue kipi?

Bisibisi
Mkuu, swali ni zuri lakini umeacha mambo yanayoamua jibu. GTX 1080 ipi? Ile ya NVIDIA wenyewe, waliobuni chipu yake, ya mwaka 2016 ina feni moja ya bloa inayosukuma hewa ya moto nje kupitia nyuma ya kasha; zile za watengenezaji wengine nyingi zina feni mbili au tatu zilizo wazi. Kama yako ni ya feni za wazi, huhitaji kununua kipoozaji chochote: unavua ganda la plastiki na feni zake, unaacha mapezi ya alumini (vibamba vyembamba vya kutawanya joto) yaliyokuja nayo, kisha unafunga feni mbili za kasha kwa vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya. Kama ni ya bloa, njia hiyo haipo, kwa sababu mapezi yake yamefunikwa na kupangwa kwa ajili ya hewa inayotoka upande mmoja tu.

Tuambie pia kasha lina nafasi kiasi gani, lina feni ngapi, chumba kina kiyoyozi au hakina, na pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipoozaji, ilibadilishwa lini. Na hizo digrii 83 si dalili ya ubovu: ndicho kiwango ambacho kadi hii imepangiwa kiwandani, ikikifikia inajipunguzia kasi yenyewe.

Waya_Mwekundu
Chukua Morpheus II, usihangaike na mengine. Ina mirija kumi na miwili ya shaba ya kubeba joto, eneo la mapezi ni kubwa kuliko la kadi nyingi zinazouzwa madukani, na kwa kuwa feni unachagua mwenyewe, siku moja ikifa unanunua nyingine ya milimita 120 hata hapa nchini. Feni za Accelero ni za milimita 92 na zimefungwa kwenye ganda lake. Ikifa moja, utatafuta hadi uchoke.

Kaskazi_Maskati
Ndugu yangu wa Tanga, kabla hujamsikiliza Waya_Mwekundu, naomba unisikilize na mimi, kwa sababu jambo hili lilinigharimu kadi nzima. Mimi niko Maskati, ambako kiangazi joto la nje linapita digrii 40. Nilikuwa na kadi ya zamani ya AMD, nikampelekea fundi mmoja na kipoozaji cha aina hii inayokuja na mfuko wa vipande vidogo vya alumini, ambavyo unavibandika kimoja kimoja juu ya chipu za memori na juu ya saketi ya kugawa umeme. Fundi alifunga vizuri kwa macho: chipu kuu ilishuka hadi digrii sitini na kitu, feni hazisikiki, nikafurahi.

Alichokiacha fundi ni kusafisha. Chipu za memori zilikuwa bado na mafuta ya pedi za zamani (vipande laini vya kupitisha joto), na yeye akabandika vile vipande juu yake bila kufuta kwa spiriti. Sasa kumbukeni jinsi kadi inavyokaa ndani ya kasha la kusimama: upande wenye chipu unatazama chini. Kila kipande kinaning'inia, na joto linalainisha gundi kila siku. Kimoja kikaachia, kikaangukia juu ya mapezi, kikalala kikiwa kimegusa ncha za vifaa vya umeme vya jirani yake. Monita ikawa nyeusi katikati ya kazi, nikasikia harufu ya kuungua, na pawa saplai ikajizima. Tulipoitoa kadi tulikuta doa jeusi pembeni ya saketi ya umeme, na kile kipande cha alumini kimesimama kwa ukingo kati ya mapezi mawili. Kipimo cha joto la chipu kuu hakikuonyesha hatari yoyote hadi dakika ya mwisho.

Waya_Mwekundu
Pole sana, ndugu, lakini kosa hilo ni la kusafisha, si la kipoozaji. Futa kwa spiriti ya kiwango cha juu hadi kitambaa kitoke cheupe, bandika kadi ikiwa imelala mezani chipu zikitazama juu, kandamiza kila kipande, kisha iache usiku kucha kabla ya kuigeuza. Ukitumia gundi ya joto yenyewe badala ya mkanda, hakitoki.

Kaskazi_Maskati
Hakitoki kabisa, na hapo ndipo tatizo la pili linapoanza. Ukitaka kuiuza kadi au kurudisha kipoozaji cha asili, utang'oa kipande pamoja na chipu ya memori. Accelero Xtreme IV angalau imekwepa gundi: inapooza memori na saketi ya umeme kwa bamba kubwa linalokaa nyuma ya kadi.

Bisibisi
Ni kweli, lakini bamba hilo la nyuma ni nene, na kwenye makasha mengi linagongana na kipoozaji cha prosesa au vijiti vya RAM. Ndiyo maana nimeuliza vipimo, na bado sijajibiwa.

Mpiga_Picha_Tanga
Samahanini, nilikuwa ukumbini. Kadi ni ile ya NVIDIA wenyewe, yenye bloa na ganda la chuma. Kasha ni la wastani, lina feni moja ya nyuma tu. Chumba hakina kiyoyozi, na mchana huku pwani mnajua kulivyo. Pesti sijaigusa tangu niinunue.

Nakuru_3D
Basi ndugu, majibu yote ya juu yanabadilika. Kadi hii ikifanya kazi kwa nguvu zote inatumia hadi wati 180, na kwa sasa bloa inasukuma sehemu kubwa ya joto hilo nje. Ukifunga Morpheus au Accelero, joto lote linamwagwa ndani ya kasha lenye feni moja, ndani ya chumba cha moto. Chipu kuu itapoa, lakini prosesa na diski zitaanza kulalamika. Kabla hujanunua chochote, ongeza feni mbili za mbele zinazoingiza hewa na badilisha pesti. Kisha punguza umeme wa chipu kwa programu kama MSI Afterburner: kadi nyingi za aina hii zinavumilia kushushwa hadi karibu volti 0.9 bila kupoteza kasi ya maana, na joto linashuka pamoja nazo. Mimi narenda kazi za usanifu hivyo hivyo na sijafungua kadi kwa zaidi ya kufuta vumbi.

Waya_Mwekundu
Dada, kushusha volti ni sawa, lakini bloa ni bloa. Hata ukishusha, kelele utaisikia.

Pwani_Tupu
Hoja ya Nakuru_3D ya kutoa joto nje ndiyo inayonifanya nipendekeze G12. Rejeta, sehemu inayopoza maji, unaifunga ukutani mwa kasha, hewa ya moto inatoka moja kwa moja, na ile feni ndogo ya milimita 92 kwenye kishikizo inapuliza saketi ya umeme. Hakuna kipoozaji cha hewa kitakachoifikia kwa chipu kuu.

Mpiga_Picha_Tanga
Naogopa maji, mkuu. Hapa umeme unakatika mara kwa mara. Pampu ikisimama ghafla si chipu itaungua?

Pwani_Tupu
Umeme ukikatika, kadi nayo inazimika, kwa hiyo hakuna joto jipya linalozalishwa. Hatari halisi ni pampu kufa kompyuta ikiwa inaendelea kufanya kazi, na hapo kadi inajipunguzia kasi na mwisho kujizima yenyewe.

Nakuru_3D
Ongeza na hili: vipoozaji vya maji vilivyofungwa kiwandani vinapoteza maji kidogo kidogo kupitia mipira kadiri miaka inavyokwenda, na huwezi kuvijaza. Ukinunua kilichotumika, hujui kimebakiza nini.

Bisibisi
Kwa kuwa sasa tunajua ni kadi ya bloa, kuna jambo ambalo halijatajwa. Chini ya lile ganda kuna bamba la chuma la kati linalogusa memori na saketi ya umeme kupitia pedi. Kama kipoozaji unachochagua kinaruhusu, libakize, kwa sababu linakuondolea habari yote ya kubandika vipande vinavyoanguka. Pedi zilizochanika zibadilishwe kwa unene uleule: ukiweka nene zaidi, bamba linanyanyuka na kipoozaji hakikai sawasawa juu ya chipu.

Chipu yenyewe haina kifuniko, ni silikoni tupu inayovunjika kama kioo. Skrubu nne zikazwe kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, usimalize upande mmoja kwanza. Plagi ya feni kwenye kadi nayo ni ndogo kuliko ya ubao mama, hivyo agiza waya wa kuunganishia. Ukichomeka feni kwenye ubao mama, zitafuata joto la prosesa wakati kadi inachemka.

Mpiga_Picha_Tanga
Nashukuruni nyote. Wiki hii nitaongeza feni za mbele, nitabadilisha pesti na kujaribu kushusha volti kama dada alivyoelekeza, kisha nitaleta vipimo vya joto hapa. Kati ya G12 na Morpheus bado sijaamua. Bisibisi, hilo bamba la kati Morpheus inaliruhusu libaki?

Waya_Mwekundu
Pima kwanza nafasi kutoka kwenye kadi hadi chini ya kasha. Morpheus pamoja na feni za unene wa milimita 25 inakula sloti (nafasi za kuchomekea kadi) zaidi ya tatu, na sijaona umetaja kama una kadi nyingine chini yake.

Kaskazi_Maskati
Na pawa saplai ni ya wati ngapi? Hilo nalo hujatuambia.