Kiongozi wa jumuiya amekataa mtoto wangu aitwe Hawa. Nifanyeje?

Mama_Chikongola
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nina binti wa miezi miwili. Mimi na mume wangu ni Wakatoliki, ila mama mkwe ni Mwislamu, mtu wa Newala, anaitwa Hawa. Mnazijua familia za huku, Krismasi na Idi sinia ni lile lile.

Nilipojifungua ndiye aliyekuja kunikanda siku zote arobaini. Viganja vyake ni vyeusi kwa mafuta ya maganda, kabangua korosho miaka na miaka, havitakati kwa sabuni yoyote. Kila alfajiri nasikia sufuria la maji linabandikwa kabla ya adhana. Siku ya arobaini nikamwambia mume wangu, huyu mtoto ni Hawa. Akakubali hapo hapo.

Juzi jumuiyani tunaandikisha watoto wa kubatizwa, kiongozi wetu mmoja akaweka kalamu chini. Eti hilo ni jina la mwanamke aliyetuponza wote kwa tufaa lake, mtoto atabeba laana, tena ni jina la Kiislamu. Watu wazima wakatikisa vichwa kuitikia. Nimerudi nyumbani nimenywea. Mume anasema tumwite Maria yaishe. Mama mkwe hajui kitu, kwa hiyo hataumia. Ila mimi najua.

Ni kweli Biblia inamtupia Hawa kosa lote? Na kanisa linaweza kulikataa jina hilo?

Katekista_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Nimefundisha ubatizo miaka mingi upande wa Ndanda, nitajibu kwa nilichokuwa nafundisha.

La jina kwanza. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 855, zinataka tu mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Hawa ni jina la Biblia, na ni lile lile Eva. Kila tunaposali Salamu Malkia tunajiita wana wa Eva. Sasa tutamkataaje mama yetu kwenye daftari la ubatizo?

La laana, fungua Mwanzo sura ya 3 usome polepole. Neno la kulaaniwa linatajwa mara mbili. Nyoka amelaaniwa, mstari wa 14. Ardhi imelaaniwa kwa ajili ya Adamu, mstari wa 17. Mwanamke anaambiwa habari ya uchungu wa kuzaa na ya kutawaliwa na mumewe, mambo mazito hayo, lakini haambiwi "umelaaniwa". Halafu mstari wa 20, baada ya kosa na baada ya hukumu, ndipo Adamu anampa jina: Hawa, mama yao wote walio hai. Kwa Kiebrania jina hilo linakaribiana na neno la uhai. Wameshaambiwa watarudi mavumbini, na mtu bado anampa mkewe jina la uzima. Hapo huwa nasimama kidogo hata leo.

Bibo_Bichi
Tufaa limetoka wapi tena? Biblia inasema tunda, basi. Edeni ingekuwa Mtwara lingekuwa bibo, tunda la mkorosho, na Adamu angeshalikamua pombe ya uraka kabla nyoka hajamaliza kuongea 😂

Mtumishi_Lindi
Tusichekeshane kwenye Neno. Mtume ameandika wazi, 1 Timotheo 2:14, Adamu hakudanganywa, aliyedanganywa ni mwanamke. Huyo kiongozi hajatunga. Majina yana uzito wake, dada. Maria ana ubaya gani?

Katekista_Mstaafu
Mtumishi, mstari huo upo na siukimbii. Lakini Mtume huyo huyo katika Warumi 5 anasema dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na anayemtaja ni Adamu. Agizo la mti alipewa Adamu katika sura ya 2, mwanamke hajaumbwa bado. Na kwenye 3:6 Kiebrania kinasema alimpa mumewe aliyekuwa pamoja naye. Alikuwepo, kanyamaza, kala. Hata lile neno "msaidizi" tunalowatambia wake zetu, Kiebrania chake ni *ezeri*, na Zaburi 121 inalitumia neno hilo kwa Mungu mwenyewe, msaada wangu hutoka kwa Bwana. Na Maria hana ugomvi na Hawa. Mtakatifu Irenei, karne ya 2, aliandika kwamba fundo la kutotii kwa Hawa lilifunguliwa na utii wa Maria.

Ustadhi_Mikindani
Niongeze la kwetu. Ndani ya Qurani Hawa hatajwi kwa jina, jina limo katika hadithi. Sura ya 7, Shetani anawatia wasiwasi wote wawili, wote wanakula, na aya ya 23 wote wanaomba: Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu. Mpe bibi yake salamu.

Mchonga_Newala
Sisi Wamakonde tunasimuliwa kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Kulipokucha ikawa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa, wa pili hivyo hivyo, mpaka walipopanda uwanda wa juu ndipo wa tatu akaishi. Karl Weule, Mjerumani aliyepita huku mwaka 1906, aliyaandika hayo. Na Mwanzo 2:24 inasema mwanamume atamwacha baba yake na mama yake aambatane na mkewe. Babu yangu aliposomewa alisema, kumbe Adamu naye alihamia ukweni kama sisi.

Mama_Chikongola
Asanteni sana, baba Katekista hasa. Jana nilikwenda kwa yule kiongozi, nikasalimia vizuri, nikauliza: mjukuu wako Eva hajambo? Akasema hajambo. Nikamwambia basi na wangu ni Eva, kwa Kiswahili. Kakaa kimya, halafu: "Huyo wetu ni wa Kizungu." Kesho naenda kwa paroko na daftari langu.

Mama mkwe kaja asubuhi na kisamvu. Kamchukua mtoto, kamlaza mapajani, kauliza mbona mnamwita mtoto, mtoto, hana jina? Mume wangu kaniangalia. Nimesema bibi, subiri Jumapili.